Kaburi Lililosubiri Uso

Mtu yeyote hapa kisiwani Rodo akikuambia mume wangu Nikasion ni fundi, usibishane naye. Ni fundi kweli. Jiwe akiligusa linalia. Machozi huyaoni, lakini unaona koo limekaza, mishipa ya shingo imetutumka, midomo imekauka, na wewe uliyekuwa unapita zako na kapu la vitunguu unajikuta umesimama hapo, na koo lako limekaza vilevile. Kwa ufundi huo tumekula miaka yote. Na kwa ufundi huohuo mimi siku hizi nikishapakua namwekea bakuli lake mlangoni pa karakana, nageuka zangu. Sisemi naye.

Zamani kazi yenyewe haikuwa hivi. Babu yake Nikasion, naye mchongaji, alichonga miungu na washindi wa mbio, na wote sura zao moja: pua imenyooka, macho yanatazama mbali, utadhani hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuumwa jino. Watu wa wakati huo walipenda hivyo. Leo mpelekee mteja uso uliotulia namna hiyo, atakuuliza, "Huyu kalala?" Leo wanataka bibi kizee mlevi amekumbatia mtungi wake. Wanataka mvuvi mzee, ngozi ya tumbo inaning'inia. Wanataka mtoto anang'ang'ana na ndege, au mshenzi wa kaskazini anakata roho, mwili umejipinda kama nguo inayokamuliwa. Mtu mzima na akili zake analipia jiwe ili limtie uchungu, kana kwamba nyumbani kwake uchungu umekwisha.

"Ndio soko, Kleino," alikuwa akiniambia. "Jiwe lisilo na roho halimsimamishi mtu."

"Na sisi tulio na roho mbona hatukusimamishi?" namuuliza. Maana akishashika patasi, hata nyumba iungue hasikii.

Tulikuwa na mtoto mmoja, Moirikos. Waliomtangulia hawakukaa. Nilimbeba mimi, nikamzaa mimi, kwa taabu ambayo jirani yangu Teudota, aliyenizalisha, mpaka leo anawasimulia watu kisimani bila kuombwa, halafu mtoto katoka na sura ya baba yake tupu. Pua fupi ya kina Nikasion. Nyusi zimeungana. Meno yalipoota, ya mbele yana mwanya. Hata kucha za miguu! Teudota alimwinua juu, akamgeuza huku na huku, akasema, "Shoga, hapa wewe ulikuwa chungu tu. Chakula si chako." Nilicheka na maumivu yangu.

Alipokuwa mdogo baba yake alimchonga amemkumbatia kware. Ilikuwa vurugu tupu. Mtoto hatulii, kware hatulii, baba mtu anafoka, mimi nacheka, na mwisho kware akaruka juu ya dari na tukamla baadaye. Sanamu ile ilipendeza mno. Alikuja mfanyabiashara akaitazama mara moja tu, ikapakiwa kwenye majani makavu, ikaenda zake Aleksandria. Iko huko kwenye bustani ya tajiri fulani, inawafurahisha wageni wakila. Wakati ule sikujali hata kidogo. Mwenyewe nilikuwa naye ndani, ananivuta nguo, sanamu ningeitakia nini?

Alipokua alilikataa jiwe. Alisema vumbi lake linamkohoza, lakini mimi najua alichoshwa na baba anayemwambia kila saa, "Hebu kaa hivyohivyo, usisogee." Akaenda baharini, akawa mpiga makasia kwenye meli ya Polikarmos, tajiri mmoja aliyeigharimia meli hiyo kwa niaba ya mji. Akirudi nyumbani anakaa pale kizingitini, anakula dengu, ananitania. Na akicheka hatoi sauti, mabega tu yanatikisika. Hilo la mabega nalikumbuka vizuri.

Habari ilinikuta kwenye tanuri. Nilikuwa nimeinama natoa mikate ya shayiri, nikasikia mtu anabisha, nikajua ni Teudota kaja kuazima chumvi kama kawaida yake. Kumbe ni mtu wa bandarini, kofia mkononi. Meli ya Polikarmos, iliyokwenda kuwafukuza maharamia upande wa Krete, imepigwa na dhoruba. Hakukuokotwa hata ubao. Alisema na maneno mengine, sikuyasikia. Najua nilianguka. Najua mkono uliungua kwenye ukingo wa tanuri, maana kovu ninalo. Najua nilipiga ukelele, kwa sababu mbuzi wa jirani walikata kamba wakakimbia. Nilipogeuza kichwa nikamwona Nikasion mlangoni pa karakana, patasi mkononi, vumbi jeupe usoni. Hakuja. Alisimama palepale, ananitazama. Aliyekuja kuninyanyua ni Teudota. Na mimi, naapa kwa Jua, mungu wetu, katikati ya moto wangu ule nilimhurumia mume wangu. Nilisema moyoni, maskini baba wa watu, kaganda.

Kwetu mtu akizama na mwili usionekane hatumwachi hivihivi. Tunachongesha kisanamu chenye uso wake, si kikubwa, cha kubeba mikononi kama mtoto mchanga. Kaburi linachimbwa. Mama wa marehemu anafunua kitambaa, anasema mbele ya watu, "Huyu ndiye." Kisanamu kinalazwa, jina linaitwa mara tatu. Yeye huko aliko anasikia, anakuja, anauona uso wake, anajua hapa ni kwake, anaingia anapumzika. Uso usipokuwa wake anaupita, kama wewe unavyoupita mlango wa mtu usiyemjua. Na akishaupita basi, hana pengine pa kwenda. Atazunguka kwenye maji ya chumvi na kiu yake, hakuna wa kumpa hata tone.

Chama chetu cha kuzikana kilitupa sehemu nzuri, kando ya barabara ya juu. Shimo likachimbwa. Mwenyekiti wa chama, mzee Simakos, akaja kunipa pole na kunieleza utaratibu. Kaburi lifungwe kabla meli hazijaanza kutoka tena baada ya baridi, kwa kuwa wako wengine wanaongoja nafasi, na shimo lililo wazi muda mrefu watu wanaliogopa.

"Litafungwa mapema, mzee wangu," nikamwambia. "Mimi kwa hilo sina wasiwasi."

Nilikuwa nasema kweli. Wanawake wenzangu waliofiwa na meli ileile walikuwa wanahangaika mji mzima, wamweleze mchongaji wasiyemjua pua ilikuwaje, shavu lilikuwaje, na mwisho wanazika kitu kama mkate usioumuka. Mimi mchongaji nalala naye kitanda kimoja. Na mtoto mwenyewe kafanana naye yeye. Nani kama mimi?

Nikasion alianza palepale. Kisha akaja Polikarmos na nguo yake nyeupe, kaketi kwenye kibao chetu akiogopa vumbi. Alitaka sanamu kubwa ya marumaru bandarini, ya kuwakumbuka vijana wa meli yake.

"Nataka kila anayeingia Rodo, kabla hajanusa hata samaki, ashikwe na moyo," akasema. "Baharia mmoja tu. Anazama. Na nimeambiwa mwanao alikuwamo, fundi, kwa hiyo hakuna mwingine wa kumpa kazi hii."

Nikasion alinitazama. Nikamwambia achukue, lakini cha kaburini kitangulie.

"Vitakwenda pamoja," akasema. "Mkono upate moto kwenye kubwa, kidogo kitatoka chenyewe."

Basi akajifungia. Karakana ikawa haifunguliwi ila kupokea chakula. Nasikia tak, tak, tak, halafu kimya, halafu tak, tak. Mimi namwaga mvinyo kidogo kaburini kwa mwanangu kila nikipita, namwambia vumilia, baba yako anakushughulikia. Niliposhindwa kungoja, niliingia na bakuli bila kubisha. Sanamu kubwa alikuwa ameifunika magunia. Kile kidogo kilikuwa juu ya meza, cha jiwe letu la kijivu. Nikakichukua, nikakipeleka kwenye mwanga.

"Nini hiki?"

"Moirikos."

"Moirikos anafanya nini hapa?"

"Anazama."

"Nani kakuambia unichongee anavyozama? Nani alimwona? Mimi nataka anavyokaa! Anavyokula! Anavyoniambia, mama, ongeza dengu, usiwe mchoyo! Huyu anayepiga kelele simtaki kwenye kaburi la mwanangu. Utakuja kulala wewe mahali ukute mtu anakupigia kelele?"

"Naanza na mdomo umefungwa, Kleino. Nikifika kwenye nyusi, mdomo unafunguka."

"Ebo! Unafunguka wenyewe? Na hicho ulichoshika mkononi ni nini, kijiko?"

Alianza kingine. Kikatoka hivyohivyo. Akaanza kingine tena. Naye alikuwa anahangaika kweli, sitamsingizia, nilimwona jasho linamtoka wakati wa baridi. Lakini mtu aliyefundisha mikono yake uchungu tangu ujana, amechonga waliochomwa mikuki, wanaoumwa na nyoka, vizee wenye njaa, siku moja unamwambia akuchongee kijana ameshiba. Mikono haikujua pa kuanzia. Vichwa vile vya kijivu alivitupa pembeni ya ukuta, vimelundikana vinywa wazi, na mvua ikinyesha vinajaa maji.

Nami nilijaribu. Usicheke. Nilichukua unga wa shayiri, nikaukanda mgumu, nikajifungia na donge langu. Pua ya Moirikos naijua, nimeifuta kamasi miaka mingapi! Nikafinyanga pua. Ikawa pua tu, ya mtu yeyote. Nikaweka nyusi kwa kijiti. Teudota aliingia akakuta nimekaa na donge lile mapajani.

"Unapika nini, Mama Moirikos?"

"Toka."

Akachungulia. Akalichukua donge, akaliweka pembeni, akanisugua vidole unga ukatoka.

Siku ya kuifunua sanamu kubwa bandarini mji mzima ulikuja. Watoto walipanda juu ya mabaki ya lile dubwana la shaba la Jua lililoanguka enzi za wazee, ili waone vizuri. Magunia yakavutwa. Nitasema ukweli ijapokuwa unaniuma: sijapata kuona kazi kama ile. Mawimbi ya marumaru, na kijana anatoka humo mpaka kiunoni, kasia lililovunjika kwapani, mwili wote umejipinda kwenda juu, nguo imelowa imemganda mbavuni. Ukimtazama ubavuni unaona anashinda. Ukizunguka mbele unaona ameshindwa. Na kichwa kimerudi nyuma, mdomo wazi, na macho yamepakwa rangi yanang'aa kama yana maji. Watu waliangua kilio, mabaharia wazima na ndevu zao. Polikarmos alifuta macho, akaanza kuwasalimia wageni wake mmoja mmoja.

Mimi sikulia. Nilikuwa namtafuta Moirikos. Nilitazama nikatazama, nikasema pengine ni maumivu yamembadilisha, mtu akizama anabadilika. Ndipo Teudota akanishika mkono.

"Shoga, unisamehe," akaninong'oneza, machozi yanamtiririka. "Siku zote nasema mtoto kachukua kwa baba yake. Leo ndio naona. Mama yake mtupu!"

"Nini?"

"Tazama mdomo."

Nikatazama mdomo. Mimi nilipokuwa msichana punda alinipiga teke hapa mdomoni, na tangu siku ile nikilia mdomo wangu wa juu unapanda upande wa kushoto. Nikasion enzi za ujana wetu alikuwa akinitania, ati, "Ukilia, mdomo unakwenda sokoni peke yake." Na katikati ya nyusi panajikunja mikunjo miwili, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Vyote vilikuwa pale juu, kwenye marumaru ya bei, vimepakwa nta vinameta. Kijana kifua cha kijana, shingo ya kijana, na uso wangu mimi siku ile kwenye tanuri. Mji mzima ulikuwa umesimama unanitazama nikiwa chini, mdomo wazi, na hakuna hata mmoja aliyejua ni mimi.

Nilitangulia nyumbani. Nikasion alikuja nyuma, watu bado wanampongeza njiani. Nilimngoja karakanani.

"Siku ile nilidhani umeganda," nikamwambia. "Mlangoni pale. Nilikuhurumia."

Alijua mara moja ninasema nini. Akaketi juu ya jiwe. "Sikuganda."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naangalia."

"Unaangalia nini, Nikasion?"

"Kleino, uso ule nimeutafuta tangu naanza kazi. Nimekwenda vilioni kwa watu. Nimekaa nje ya mahakama wakitolewa waliohukumiwa. Wote wanajifunika. Wewe hukujifunika."

"Mwanao kafa. Mkeo yuko chini, mkono unaungua. Wewe unaangalia!"

"Nililia baadaye," akasema, na ni kweli alilia, nilimsikia mwenyewe. "Lakini kwanza macho yaliangalia. Sikuyatuma. Yaliona mkunjo mmoja mrefu, mmoja mfupi, yakaushika uso huo, na tangu siku hiyo kila jiwe ninaloligusa unatoka huo. Siwezi kuutoa mkononi."

Ningempiga ingekuwa afadhali. Nilikuwa na nyundo karibu. Lakini nilichotaka si kumpiga, nilimtaka mwanangu alale. Nikaenda ndani nikaleta kioo changu cha shaba, nikakisugua kwa upindo wa nguo mpaka kikang'aa, nikamsimamishia mbele ya uso.

"Haya. Wangu umeuchukua, sasa nipe wake. Si mmefanana? Jitazame. Pua hiyo. Nyusi hizo. Ondoa mvi, ondoa ndevu, mchonge huyo."

Alijitazama muda mrefu. Aligeuza kichwa huku, akakigeuza huku. Alijishika shavu, akalivuta juu na kidole, likaanguka. Mwanga ulikuwa mzuri, sikumnyima kitu.

"Humu hamna mtu," akasema.

Meli zilikuwa tayari zinapakwa lami ufukoni. Simakos alituma mtu, kisha akaja mwenyewe. Kwa heshima zote, Mama Moirikos, chama hakiwezi kungoja zaidi, ipo familia nyingine na shida ileile. Nikamwambia njooni kesho kutwa. Nikasion aliposikia hivyo akafunga mlango, na safari hii nilisikia nyundo haisimami.

Asubuhi ya maziko alitoka na kisanamu kimefungwa kitambaa cheupe, akaniweka mikononi bila kunitazama. Rangi ilikuwa bado mbichi, akasema nisikifunue njiani, vumbi litashika. Nikakibeba barabara yote ya juu. Kilikuwa na uzito wa mtoto, na nilikuwa nimesahau uzito huo. Nilijikuta nakipangusa mgongo. Nilisema moyoni, amefaulu. Hawezi kushindwa mara zote. Miungu haiwezi kuwa na roho mbaya kiasi hicho.

Watu wa chama walizunguka shimo. Wanawake walifungua nywele. Simakos akaniashiria, nami nikafunua kitambaa.

Mdomo ulikuwa umefungwa. Hilo aliliweza. Lakini pua ilikuwa imenyooka, na macho yanatazama mbali. Ilikuwa sura aliyokuwa akiichonga babu yake Nikasion, ile ya miungu na washindi wa mbio, mtu ambaye hajawahi kuumwa jino. Nyusi alikumbuka kuziunganisha. Basi. Mtu yeyote mwenye nyusi zilizoungana.

Nikafumba macho nimtafute mwanangu mwenyewe, nilinganishe, pengine nimekuwa mkali bure. Nikamwona kizingitini na bakuli la dengu. Nikayaona mabega yanatikisika. Nikasema, hayo ni mabega yake, sasa panda juu kidogo, mtazame. Nikapanda. Juu ya mabega yale palikuwa na mdomo wazi, umepanda upande wa kushoto. Nikaanza tena, kutoka kwenye miguu, kwenye kucha, kiunoni, mabega. Mdomo uleule. Nikamtafuta akiwa mdogo na kware, akiwa na homa, akiwa kifuani kwangu ananyonya. Mtoto mchanga ananyonya, na uso wa marumaru.

Nilifumbua macho. Kilio kilikuwa kinapanda, nilikisikia kinakuja kutoka tumboni kama siku ile, na sikuwa na nguvu ya kukizuia. Ng'ambo ya shimo alisimama Nikasion. Kichwa ameinamisha upande mmoja, jicho moja amelibana kidogo. Hivyo ndivyo anavyolitazama jiwe.

Nikavuta shela, nikajifunika uso wote.

"Mama Moirikos," Simakos akasema taratibu, "tunakusubiri wewe."

Ningesema nini? Kwamba siye? Wangefukia shimo tupu na kumpa mtu mwingine nafasi, na mwanangu asingekuwa hata na uso wa kuupita. Hapakuwa na kisanamu kingine kinachokuja. Hapakuwa na mtu duniani ambaye bado alikuwa na uso ule, si mimi, si baba yake, ila labda tajiri mmoja Aleksandria anayeuona kila siku na hajui ni wa nani.

"Huyu ndiye," nikasema ndani ya shela.

Wakamlaza. Wakaita jina lake mara tatu, sauti nzuri, hasa Teudota. Mimi nilifungua mdomo kuita nao, nikaufunga. Upepo ulikuwa unatoka baharini, na watu walipomaliza kuita walikaa kimya kama desturi, kumpa nafasi aingie. Nikangoja nao. Kisha udongo ukaanza kurudishwa.

Tangu siku hiyo makaburini siendi. Naenda bandarini. Nakaa chini ya sanamu, namchambua kipande kwa kipande, labda kuna mahali mkono wa Nikasion ulisahau ukaweka kitu chake. Mikono ni ya mchukuzi mmoja wa mizigo, aliambiwa ashike kasia akapewa mvinyo. Kifua ni cha mtu wa mazoezi ya mieleka, namfahamu, yu hai, mnene sasa. Masikio sijui. Nimeyatazama sana masikio.

Wenye wana na waume wanaosafiri wamejifunza kuja kumgusa goti kabla meli hazijatoka, wanasema lina baraka, na limeanza kung'aa hapo. Juzi alikuja mwanamke mmoja kijana, mgeni, lafudhi yake si ya hapa. Alimgusa goti, akainua macho, akaanza kulia, kama wote. Kisha akaniona.

"Shikamoo, bibi. Naambiwa unakuja hapa kila siku," akasema, akijifuta. "Maskini, mama yake sijui yuko katika hali gani. Wewe ulimjua, huyu?"

Nikatazama juu, ule mdomo, ile mikunjo miwili. Nikatazama vizuri, nisije nikamdanganya mtoto wa watu.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Simjui."